Siku ya Pili ya Homa

Nyumba ya Mama Kibanio ilikuwa na shuka kila mahali. Zilining'inia uani, ukumbini, na siku za mvua hata juu ya kitanda. Zilikuwa shuka za nyumba ya wageni ya mtaa wa pili. Mama Kibanio alizifua, akazianika, akazipiga pasi, kisha akazikunja pembe kwa pembe mpaka zikatoshana kama vitabu. Mtu aliyeingia pale mara ya kwanza alibabaika. Alipiga hodi akaitikiwa, lakini hakuona mtu. Aliona weupe mtupu, na miguu ya watu ikitembea chini yake.

Miguu midogo kuliko yote ilikuwa ya Kibanio, mtoto wa miaka minne. Jina hilo alipewa na baba yake, fundi bomba. Mtoto alipoanza kutambaa alilishika gauni la mama yake kama kibanio kinavyoshika nguo kambani.

"Huyu hata upepo uvume vipi, haanguki," baba alisema akicheka.

Hiyo ilikuwa kabla hajaanguka.

Kibanio alianza kuanguka alipopita mwaka mmoja. Macho yaligeuka, mwili ukakakamaa, kisha mikono na miguu ikarukaruka. Hospitalini walisema ni kifafa, tena kikali. Wakampa dawa ya maji, anywe asubuhi na jioni, kila siku. Dawa haikukimaliza kifafa, lakini ilikipunguza. Wiki ikiwa nzuri alianguka mara moja tu, kwa muda mfupi. Alilala, akaamka, akadai chakula.

Mama Kibanio hakukosea saa ya dawa hata siku moja. Mtoto akiwa mzima, hakukosea.

Akiwa mgonjwa, ilikuwa habari nyingine. Dobi yule alikuwa na sheria yake, na sheria ile aliipata kwa machozi. Miaka mingi nyuma, kabla ya kuzaa, alipewa shuka yenye doa la kutu. Akatia dawa ya kung'arisha nguo. Doa likagoma. Akaongeza dawa ya kusafishia choo humohumo. Beseni likafoka moshi. Alitoka mbio, macho yakiwaka moto, na alikohoa wiki mbili mfululizo. Tangu siku hiyo alisema, "Dawa mbili hazikai beseni moja."

Kwa hiyo Kibanio alipopata mafua, akapewa dawa ya homa, mama aliziweka chupa mbili mezani akazitazama. Moja nyekundu, moja nyeupe. Akaichukua ile nyeupe, ya kifafa, akaiweka juu ya kabati.

"Kwanza tumalize hii ya homa," alisema. "Siku tatu. Tumsuuze tumbo kwa maji mengi. Halafu tunarudi kwenye ile."

Baba Kibanio hakubisha. Bibi, mama yake Baba Kibanio, hakubisha, naye alikuwa mtu wa kubishana hata na redio. Mambo ya dawa na doa, katika nyumba ile, mwenye neno la mwisho alikuwa Mama Kibanio.

Ikafika siku ya pili ya mafua. Saa nane mchana, jua kali, mtaa umetulia. Mama Kibanio alikuwa anakunja shuka. Kibanio alisimama katikati ya nguo zilizoanikwa ukumbini.

"Mama," alisema, "kinaungua."

Mama aliruka kuiendea pasi. Ilikuwa baridi. Waya ulikuwa umechomolewa. Akakimbilia jikoni. Jiko lilikuwa limezimwa, sufuria tupu. Akanusa huku na huko. Hakuna kitu.

"Hakuna kinachoungua, mwanangu."

Akamtafuta kati ya nguo.

Akasogeza shuka ya kwanza. Akasogeza ya pili. Kibanio alikuwa amesimama, amempa mgongo, shingo imepinda kushoto. Alikuwa anaitazama shuka nyeupe kama mtu anayemtazama mtu.

"Kibanio?"

Mtoto hakugeuka. Kisha akaanguka.

Siku ile alianguka mara tatu kabla jua halijatua.

Miezi ikapita. Kibanio akaumwa sikio, akapata homa. Chupa nyeupe ikapanda juu ya kabati. Siku ya pili, mchana, akasema, "Mama, kinaungua." Pasi ilikuwa baridi. Akaanguka.

Mara ya tatu ilikuwa mbaya kuliko zote. Homa tena, siku ya pili tena, na harufu ileile isiyosikiwa na mtu mwingine. Kibanio alirukaruka mpaka midomo ikawa myeusi. Walimkimbiza hospitali mikononi mwa baba yake. Alilazwa siku sita. Alipotoka, alikuwa hana maneno. Mtoto aliyekuwa anaongea kutwa sasa alimwita mama yake kwa kumvuta gauni. Maneno yalirudi mojamoja, kwa shida, kama watu waliofukuzwa wakawa wanaogopa kurudi. Neno "Mama" lilichukua wiki tano.

Daktari alikuwa ameuliza, "Anakunywa dawa yake kila siku?"

"Kila siku, daktari," Mama Kibanio alijibu.

Hakudanganya. Siku za ugonjwa, kichwani mwake, hazikuwa siku. Zilikuwa shimo ambalo familia iliruka, ikatua upande wa pili.

Baada ya hapo, hofu ilihamia nyumbani kwao kama mpangaji. Kitu gani kile kilichojua kuhesabu? Kwa nini siku ya pili? Kwa nini hakikukosea hata mara moja? Walimhamisha mtoto kutoka chumba cha nyuma wakamleta cha mbele. Walihamisha kitanda. Mama Kibanio aliihifadhi pasi kwenye debe lenye kifuniko, akaweka tofali juu.

"Humu ndani kuna kitu," Bibi alisema. "Kinasubiri mtoto alegee ndipo kije. Jana hata mimi nimeisikia hiyo harufu."

"Mama, acha kututisha," alisema Baba Kibanio. "Wewe harufu ya mchuzi tu inakupita."

"Pua yangu nzima. Mbovu ni macho."

Baba alicheka. Lakini mchana mmoja mkewe alimfuma amechuchumaa, ananusa soketi ya umeme ukutani. Walitazamana. Hakuna aliyecheka.

Sasa, Kibanio alianza kukohoa siku ya Ijumaa. Jioni mwili ukawa moto. Dukani walimpa dawa ya homa. Chupa nyeupe ikapanda juu ya kabati.

Jumamosi ikafika. Siku ya pili.

Baba Kibanio hakwenda kazini. Alisema bomba la uani linavuja. Bomba halikuwa linavuja. Bibi aliketi kwenye kigoda karibu na mlango, kijiko mkononi, tayari kukiingiza kati ya meno ya mjukuu wake. Mama Kibanio alifua bila kuona anachofua. Kibanio alilala kwenye mkeka ukumbini, mashavu yamewiva kwa homa. Saa ya ukutani ilisema saba na nusu. Halafu saba na dakika arobaini. Upepo ulikufa. Shuka zilisimama wima, hata moja haikutikisika.

"Hodi humu!"

Wote watatu walishtuka. Alikuwa Nesi, muuguzi wa wodi ya watoto. Alihamia mtaa ule miezi miwili nyuma, na kila Jumamosi alifuata sare zake nyeupe. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ya kuita watu wa ng'ambo.

"Karibu," Mama Kibanio alijibu.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba."

"Mama Kibanio, nguo zangu zimepona? Au bado zimelazwa?"

Hakuna aliyemchangamkia. Nesi akasogeza shuka, akawatazama mmoja mmoja. Akaona kijiko. Akaona baba wa watu amekaa nyumbani na koleo mkononi, hana la kukaza.

"Kuna nini? Mbona mmenyamaza hivi? Mmegombana?"

"Mtoto ana homa," alisema Mama Kibanio. "Leo siku ya pili."

"Siku ya pili ndiyo nini?"

Kabla mama hajajibu, mtoto aliinuka akakaa.

"Mama," alisema taratibu. "Kinaungua."

Nesi alinusa. "Nini kinaungua? Mbona sisikii kitu?"

"Kimekuja," Bibi alinong'ona.

Shingo ya Kibanio ilianza kupinda kushoto. Polepole. Macho yake yaliganda kwenye shuka iliyoning'inia karibu na ukuta. Nesi alimtazama mtoto, kisha uso wake ukabadilika.

"Ana kifafa huyu?"

"Ndiyo."

"Basi anawaambia! Mlazeni, upesi!"

Alimdaka mwenyewe kichwa kabla hakijagonga sakafu. Mwili ukakakamaa, kisha ukaanza kuruka. Nesi akatazama saa ya mkononi. "Saa nane kasoro dakika tano. Toeni beseni hilo. Toeni kigoda. Nipeni kitu laini."

Baba Kibanio alikuwa ameshaishika miguu ya mwanawe na kuibana kwa nguvu zake zote.

"Baba, mwachie. Humzuii, unamuumiza."

"Sogeeni!" Bibi alikuja na kijiko. "Atakata ulimi!"

"Bibi, weka kijiko chini."

"Mimi ndiye—"

"Weka chini, Bibi wangu. Akijiuma ulimi, utapona. Jino likivunjika likaingia kooni, atakosa hewa. Hakuna mtu anayemeza ulimi wake. Usiingize kitu kati ya meno."

Shuka iliyokunjwa iliwekwa chini ya kichwa. Nesi alimgeuza mtoto ubavu, mate yakatiririka nje badala ya kurudi kooni. Alilegeza kifungo cha shingoni.

"Mama Kibanio!"

Mama alikuwa amesimama kama nguzo. Aliona midomo ya mwanawe ikibadilika rangi, kama mara ile.

"Mama Kibanio, chukua saa hii. Nihesabie dakika. Kwa sauti."

Akaipokea. Akajikaza kisabuni.

"Mbili," alisema.

Hakukuwa na sauti nyingine ndani ya nyumba. Ni visigino vidogo tu, vikigonga sakafu, ko, ko, ko, kama mtu anayebisha mlango kutoka chini.

"Tatu."

Ko, ko, ko.

"Nne."

"Mlipewa dawa ya dharura?" Nesi aliuliza. "Ya kumimina shavuni?"

"Ipo!" Baba alipiga kelele. "Walinipa mara ile!" Alipanda kiti, akapapasa juu ya kabati, akashuka na kibomba kidogo cha plastiki kisicho na sindano. Kilikuwa bado kimo ndani ya mfuko wake.

Nesi alisoma karatasi. Jina la mtoto. Kipimo. Tarehe haijapita.

"Tano," alisema Mama Kibanio.

"Basi. Dakika tano zikitimia, hatusubiri tena." Nesi aliuvuta mdomo kidogo pembeni, akamimina dawa polepole kati ya shavu na ufizi. "Mnaona? Nje ya meno. Hapa tu. Baba, tafuta gari."

Baba alitoka hata viatu hakuvaa.

"Sita... saba..."

Kugonga kulipungua. Ko. Ko. Kisha kimya. Kimya kile kilimwogofya Mama Kibanio kuliko kelele. Alidhani mtoto amekwenda. Nesi akaweka kiganja mbele ya pua ya Kibanio, macho kwenye kifua.

"Anapumua," alisema. "Njoo, weka mkono wako hapa. Umesikia?"

Alisikia. Pumzi ndogo, ya joto, kwenye kiganja chake.

Hospitalini daktari alimpima Kibanio. Mapafu yalikuwa yameanza kuugua. Alipewa dawa za mapafu na za homa, akawekewa maji. Alilala, na midomo ikarudi rangi yake.

Nje ya wodi, kwenye benchi, Nesi alikaa kati ya Mama Kibanio na Bibi.

"Dawa yake ya kifafa, leo alikunywa saa ngapi?" aliuliza.

"Leo?" Mama Kibanio alishangaa. "Leo anaumwa."

"Ndiyo, anaumwa. Alikunywa saa ngapi?"

"Nimekwambia anaumwa."

Wakatazamana. Nesi akajishika paji la uso.

"Akiumwa hampi?"

"Nitampaje na dawa ya homa imo tumboni? Dawa mbili beseni moja, si moshi?" Akamweleza yote. Doa la kutu, moshi, wiki mbili za kukohoa, chupa juu ya kabati, siku tatu za kusuuza tumbo.

Nesi alisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka.

"Kwa nguo, umesema kweli tupu," alisema. "Tena wengi wangejifunza kwako. Lakini Mama Kibanio, mwanao si beseni. Dawa ya homa inakwenda kushusha homa. Ya kifafa inakwenda kwenye ubongo kuutuliza. Hizi mbili mlizopewa hazigombani."

"Zote hazigombani?"

"Hapana, sikufichi. Zipo zinazogombana. Ndiyo maana kila ukipewa dawa mpya, hata dukani, unasema: mwanangu ana kifafa, anakunywa hii. Unawaonyesha chupa. Wakiwa na shaka wamuulize daktari. Kazi yako wewe ni moja: usiikatishe ya kifafa kwa uamuzi wako. Awe mzima, awe mgonjwa, saa ikifika anakunywa."

"Na siku ya pili?" Mama aliuliza kwa sauti ya chini. "Kwa nini siku ya pili?"

"Siku ya kwanza mwili bado una dawa ya jana. Siku ya pili imepungua sana. Na homa nayo inapanda. Homa peke yake inaweza kuamsha kifafa. Kuacha dawa ghafla, peke yake, kunaweza kukiamsha. Hapo vyote viwili vinakutana. Hakuna kitu kinachohesabu siku, Mama Kibanio. Inayokwisha ni dawa."

Bibi alijisogeza mbele. "Na harufu?"

"Kifafa kinaanzia ubongoni, Bibi. Kuna sehemu ya ubongo inayoshughulika na harufu. Kikianzia hapo, mtoto anasikia harufu ambayo haipo. Wengine wanaona mwanga. Wengine wanahisi tumbo linapanda kooni. Huyu anasikia kitu kinaungua. Hadanganyi, na hakuna kilichomtembelea. Anawapa taarifa. Ni bahati, hiyo. Wengi hawapati hata hiyo nafasi ya kumlaza mtoto."

"Mbona mimi niliisikia?"

"Uliisikia kwa kumpenda mjukuu wako."

Bibi akanyamaza. Mwaka ule ilikuwa mara ya kwanza.

Mama Kibanio alikuwa anatazama mikono yake. Ilikuwa imekunjamana kwa maji na sabuni.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema. "Nilikuwa nakiogopa kitu mlangoni. Kumbe mimi ndiye ninayefungua."

Nesi hakumbembeleza kwa uongo. "Ulifungua bila kujua," alisema. "Na sisi hatukukuuliza vizuri. Tulikuuliza kama unampa kila siku. Tungekuuliza, na akiumwa je? Kuanzia leo unajua, na mimi najua pa kuuliza."

Usiku ule mama alikaa kando ya kitanda. Dawa ya kifafa ilitolewa saa yake, na ya mapafu saa yake. Yeye alitazama kifua cha mwanawe. Alisubiri moshi. Moshi haukutoka.

Siku mbili zikapita na mtoto hasemi. Mama hakuuliza. Aliogopa jibu. Siku ya tatu asubuhi, alipokuwa anamfuta uso, Kibanio alimsukuma mkono.

"Mama, maji baridi," alisema kwa hasira.

Mama Kibanio alitoka nje, akajifunika uso kwa kanga, akalia mpaka mhudumu wa usafi akamuuliza kama amefiwa.

Waliporudi nyumbani walibadilisha mambo. Kliniki iliwaandikia mpango wa siku za ugonjwa, na Baba Kibanio akaunakili ukutani kwa kalamu yake nene ya kuwekea alama mabomba. Maneno yalikuwa makubwa kiasi kwamba mtu aliyepita barabarani aliweza kuyasoma: dawa ya kifafa haikatishwi, homa ishushwe mapema, maji ya kunywa yasipungue, alale vya kutosha. Namba ya simu ya kliniki ilikuwa chini yake. Bibi hakujua kusoma, kwa hiyo aliyashika kichwani, na kila mgeni aliyefika alisomewa yote apende asipende.

"Akianguka?" alimtega muuza mkaa aliyekuja kuomba maji.

"Sijui, Bibi."

"Ubavu! Kitu laini chini ya kichwa! Hakuna kijiko! Tazama saa! Dakika tano, dawa ya shavuni, halafu hospitali! Akianguka tena kabla hajazinduka, hospitali vilevile!"

"Je, mate yake yanaambukiza?"

"Kifafa hakiambukizi, wewe. Haya, kunywa maji uende."

Dawa ya dharura ilitoka juu ya kabati. Ikapata mkoba mdogo uliotundikwa mlangoni, mahali ambapo hata anayetoka mbio angeuona.

Miezi minne baadaye, Kibanio aliamka anatapika na kuharisha. Mama alimpa dawa ya kifafa saa yake. Dakika kumi baadaye ikarudi yote, kwenye gauni.

Zamani angesema, tumbo limekataa, tuliache. Sasa alipiga simu. "Ametapika dakika kumi baada ya dawa. Nirudie?"

"Kwa kuwa ni mapema hivyo, mrudishie kipimo kilekile," muuguzi wa zamu alimwambia. "Ikiwa imepita nusu saa, usirudie kabla ya kutuuliza. Mpe maji ya chumvichumvi ya paketi, kijiko kimoja kimoja. Dawa isipokaa safari hii, mlete. Usisubiri kesho."

Safari ile dawa ilikaa.

Ikafika siku ya pili.

Mchana, wote walikuwa ukumbini. Hakuna aliyekiri kwamba anasubiri. Baba alikuwa anakaza koki iliyokwisha kukazwa. Saa ya ukutani ilisogea. Joto lilitulia juu ya nyumba, na nje hata kuku hawakulia. Mama Kibanio aliitazama shuka iliyoning'inia mbele yake. Alijua yote aliyofundishwa. Alijua hakuna kitu. Lakini mwili una kumbukumbu zake, nao ulimwambia kwamba nyuma ya shuka ile pana mtu.

"Mama," alisema Kibanio. "Kinaungua."

Mama hakwenda kwenye pasi.

"Nimesikia, mwanangu. Lala hapa." Alimlaza ubavu. Baba akaleta kitambaa laini. Bibi akatazama saa ya ukutani, ambayo kwa macho yake ilikuwa ukungu tu, akaanza kuhesabu kwa mdomo, moja, mbili, tatu, kama mtu anayehesabu nguo.

Shingo ikapinda. Mikono ikaruka. Mama Kibanio alipiga magoti kando yake, mkoba wa dawa umefunguliwa pajani.

"Thelathini," Bibi alisema. "Thelathini na moja."

Ko, ko, ko.

"Sitini. Sitini na moja."

Ko. Ko.

"Tisini na—"

Kukatulia. Kifua kikapanda, kikashuka. Midomo ilikuwa na rangi yake. Mama aliweka kiganja mbele ya pua, akasikia pumzi. Alisubiri kingine kije. Alisubiri jioni nzima, na jioni ikapita. Dawa ya shavuni haikufunguliwa. Gari halikuitwa. Kibanio alilala, na alipozinduka kabisa akapewa maji yake kijiko kimoja kimoja, na saa mbili usiku dawa yake.

Kifafa hakikuondoka katika nyumba ile. Nesi alikuwa amewaambia wazi kwamba huenda kisiondoke. Wiki mbaya zilikuwepo na zingekuwepo. Lakini siku ya tatu ya kutapika, Kibanio aliamka na maneno yake yote.

Bibi alikuwa ameketi kando ya kitanda, shingo ameinyoosha, macho yake hafifu hayabanduki usoni pa mtoto.

"Bibi," alisema Kibanio.

"Naam, mume wangu."

"Mbona unanitazama?"

"Nakutazama tu."

"Tangu asubuhi?"

"Tangu jana."

Mtoto alifikiri. Kisha akashusha mguu mmoja, akashusha wa pili, akaelekea mlangoni kwa hatua za mtu mwenye shughuli zake.

"Basi njoo unitazamie nje," alisema. "Humu kuna joto."

Bibi alimtazama Mama Kibanio. Mama Kibanio akaitikia kwa kichwa. Bibi kizee akabeba kigoda chake, akamfuata mjukuu wake juani.